Mia Moja Yenye Matobo Mawili

Munaniita Papa Taux, na najua wengi wenu munafikiri ndiyo jina nililobatizwa nalo. Mwezi uliopita, nilipoacha kazi na kuweka funguo za sanduku mezani, Chantal wa dirisha la pili aliniambia: «Papa, funguo tunazijua. Utuachie maneno.» Haya basi, maneno ndiyo haya. Juu ya vyeo na mushahara sitasema kitu. Cheo nilipandishwa mara mbili, na mara ya pili walinipa kiti chenye muguu mumoja mufupi. Nitasema juu ya chaki, juu ya agrafeuse, na juu ya mama mumoja wa Nyangezi aliyenifundisha kazi hii kuliko semineri zote.

Kabla ya kuja hapa nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na munajua mwalimu wa kwetu anakula nini: anakula shukrani ya wazazi. Siku moja nilikuwa napita Nyawera, hapa Bukavu, pale juu ya soko, wabeba mizigo wananisukuma huku na huku, nikaona tangazo kwenye mulango wa agence ya kupokea pesa zinazotoka nje ya inchi. Wanatafuta mutu wa dirisha, mwenye maandishi mazuri. Nikaingia na viatu vya vumbi. Chef alikuwa muzee mufupi, Papa Deo, miwani yake imefungwa na uzi nyuma ya sikio. Hakuniuliza diplome. Alinipa chaki, akanionyesha ubao uliokuwa karibu na mulango, akasema: «Andika kutoka sifuri mpaka kenda.»

Nikaandika. Alisogea, akaangalia kwa muda, akasema: «Saba yako iko na mukanda. Iko muzuri. Kuko batu balishapoteza dola ju ya saba yenye haina mukanda, inasomwaka moja.» Mutihani wangu wa kuingia kazini ulikuwa huo tu. Akaniambia nije kesho, nimevaa viatu vingine kama ninavyo. Sikuwa navyo.

Siku ya kwanza ilianza na ubao, kama zote zilizofuata. Ndoo ndogo ya maji, sifongo, kiti cha kupandia. Simu inalia, sauti ya Kinshasa inasoma hesabu, mimi nafuta za jana na kuandika za leo: dola moja ni mafranga ngapi, ndiyo tunaita taux, halafu chini yake, kwa maandishi madogo, euro na rand ya Afrika Kusini. Rand siku ile ilikuwa saba kwa dola moja. Ndiyo saba yangu ya kwanza kazini, na niliifunga mukanda vizuri. Niliposhuka kwenye kiti, tayari watu walikuwa wamesimama nyuma yangu: mama wa kuuza samaki wadogo wa sambaza, dereva wa moto, yaani pikipiki, wale wanaobadilisha pesa barabarani ambao tunawaita cambiste. Kila mumoja midomo inacheza, anahesabu.

Nilimuuliza Papa Deo: «Chef, nani njo anaamuaka hii chiffre?»

Alitoa miwani, akaipanguza na shati. «Nilishaulizaka miaka makumi mbili,» akasema. «Hakuna mutu. Andika tu.»

Hesabu isiyo na mwenyewe, na soko zima la Nyawera linapanga chakula chake kwa hiyo! Miaka kumi na saba nimeiandika, na kila asubuhi mukono ulisita kidogo kabla ya chaki kugusa ubao.

Halafu lilikuja somo la noti. Franga letu linavumilia kila kitu: limeungwa na papier collant ya gundi, linanuka samaki, limeandikwa namba ya simu ya mutu, na bado linanunua nyanya. Dola hapana. Dola kwetu lazima iwe safi kuliko mukono unaoitoa. Tobo la sindano, kona iliyopasuka kiasi cha ukucha wa mutoto, alama ya kalamu ya bic: imekufa. Inchi zingine wanaipokea bila kuigeuza. Hapa kwetu hata muuza nyanya anaiinua juani, anaikagua, anakurudishia na huruma machoni. Sijui tulijipa sheria hii lini. Papa Deo alinieleza yote hayo asubuhi ile, pole pole, na mimi niliitika kila neno.

Saa tano Maman Nsimire akafika dirishani. Alikuwa ameshuka kutoka Nyangezi juu ya camion, lori la mihogo, mutoto mugongoni, kikapo mukononi. Alifungua kona ya kitenge, akatoa kipande cha karatasi ya sukari. Directeur wa shule alikuwa amemuandikia code juu yake. Mutoto wake mukubwa, Aganze, alikuwa amefika Durban, kule Afrika Kusini, analinda magari kwenye parking, na hii ilikuwa pesa yake ya kwanza kutuma nyumbani. Dola mia moja. Wa mugongoni alikuwa Furaha, dada yake Aganze, ana homa kali, macho yamezama. Pesa ilikuwa ya dawa yake.

Nilijaza bordereau, karatasi ya malipo, na maandishi ya kimwalimu. Nikamutolea noti moja ya mia, mupya, bado ngumu. Na kwa sababu darasani nilizoea kubana kazi za watoto zisipotee, nilichukua agrafeuse, ile mashine ndogo ya kubana karatasi na waya, nikabana noti pamoja na karatasi yake. Ka! Nikajisikia mufanyakazi kamili.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mulangoni. Mutoto bado mugongoni, na sasa halii tena, jambo ambalo kila muzazi anaelewa. Alinyoosha noti juu ya mbao ya dirisha. Matobo mawili, madogo, moja pembeni ya lingine.

«Pharmacie bamekatala,» akasema. «Ba cambiste batatu bamekatala. Papa, mutoto wangu alitumika kule mbali ju ya hii pesa, weye umeitoboa na chuma.»

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Papa Deo alikuja, akaiinua noti kwenye mwanga, jua likapita kwenye matobo yote mawili. Alifungua sanduku, akamupa nyingine nzima kwa mikono miwili, akamuomba musamaha mbele ya watu wote. Mama akakimbia pharmacie. Halafu chef aliweka ile noti mbele yangu. «Hii sasa iko yako,» akasema. «Mushahara yako ya kwanza ulishaipata.» Furaha alipona, Mungu asifiwe. Mimi nikaiweka ile mia ndani ya bahasha, chini kabisa ya droo ya dirisha la kwanza, na ilikaa pale bila kununua hata kitunguu. Na agrafeuse ya dirisha lile munalalamika haina waya: ni mimi niliyekuwa nautoa, na sasa munajua sababu.

Miaka ilienda, nikaelewa kwamba pesa ya mutu aliye ugenini inapita milango miwili. Mulango wa kwanza uko kule: mutu analipwa rand, ao kwacha, ao euro, na lazima anunue nayo dola. Mulango wa pili uko hapa: dola inatoka dirishani kwetu, inashuka kwa cambiste, inakuwa franga la kununua unga. Milango yote miwili inapanuka na kufinyana bila kuuliza mutu. Mama wa hapa anaona mumoja, mutoto wa kule anaona mwingine. Anayeona yote miwili ni yule anayekaa dirishani, na kwa hiyo nasema kazi yetu si ya kuchezea.

Sisi tunaona kwa sababu ya ekrani ya kompyuta. Inatuonyesha jina, muji, na kiasi ambacho mutumaji alitoa kwa pesa ya kule. Durban, Lusaka, Bruxelles, Montréal, miji ambayo sitaikanyaga, na ndani ya kila mumoja kuna mutoto wa mutu wa Bukavu amesimama mbele ya dirisha kama langu, anasukuma pesa yake ndani na kungoja karatasi. Mpaka leo naufikiri ule mustari murefu usioonekana. Papa Deo, apumzike kwa amani, alikuwa na sheria moja tu juu ya hiyo: «Ya ekrani inabakia kwa ekrani.» Niliona waliotuma nusu ya walichopata na kusema nyumbani ni kidogo kilichobaki. Niliona waliotuma kidogo na kulia kwamba ni vyote. Sikufungua kinywa.

Maman Nsimire alirudi kila mwezi. Alinisamehe haraka, lakini hakuacha kuinua noti juani mbele ya macho yangu, anatafuta matobo, halafu anacheka: «Leo umeniachia nzima, Papa Taux!» Yeye ndiye wa kwanza kuniita hivyo, ninyi mumerithi tu. Nilimuona akiweka bati juu ya nyumba, nilimuona akimuingiza Furaha shuleni. Alianza kunitolea viazi kutoka kwenye kikapo, na mimi nilikuwa namuandikia bordereau bila kuuliza kitambulisho, kosa ambalo naliungama leo kwa sababu hakuna tena wa kuniazibu.

Na kila mwezi Aganze alituma dola mia moja. Si mia na kitu, si tisini na nane. Mwanzoni sikuangalia. Halafu rand ikaanza kuanguka. Wazazi wote wenye watoto Afrika Kusini walianza kupokea hesabu zenye mikia: themanini na tatu, sabini na sita. Ni haki yake: mutoto ametoa rand zilezile, mulango umefinyana, kinachotoka upande wa pili ni kidogo. Siku moja jina la Aganze likaja kwenye ekrani: mia moja. Nikatupa jicho upande wa rand. Zilikuwa zimeongezeka. Mwezi uliofuata: mia moja, na rand zimeongezeka tena. Kijana anayeishi kwa sarafu za watu wanaopakia mizigo kwenye magari, na kila rand ilipopungua nguvu yeye aliweka zingine juu yake, ili upande wa mama kusionekane kitu. Ilifika wakati alikuwa anatoa zaidi ya mara mbili ya siku ya kwanza kwa ile mia moja ileile.

Niliondoa mikono kwenye clavier ya kompyuta. Nilimutazama mama yake, amesimama na kikapo, anaongea na musichana wa nyuma yake juu ya bei ya maharagi, hajui kitu. Nilitaka kusimama wima, vile tunavyosimama monseigneur askofu akiingia kanisani. Ah, jamani! Nimeona pesa nyingi dirishani, mpaka za wakubwa wa kutembea na walinzi, na hakuna hata moja iliyonipa heshima ile. Nilimupa noti yake, nikasema tu: «Salimia Aganze.»

Sasa nafika kwenye mwaka wangu wa mwisho, ule ambao hata ninyi muliuona. Mulango wa pili ndio uliofinyana. Franga letu, ambalo tulizoea kuliona linaanguka tu, likapata nguvu ghafula. Nilipanda kwenye kiti nikaandika dola ndogo. Kesho yake ndogo zaidi. Watu walipiga makofi. Halafu wakashuka sokoni, wakakuta unga bei ileile, mafuta bei ileile, moto bei ileile. Aliyekuwa anakula kwa dola ya mutoto wake alipoteza kipande kizima cha kikapo chake, na hakuna mwizi wa kukamata.

Maman Nsimire alibadilisha mia yake kwa cambiste wake wa siku zote, akarudi dirishani na mafranga mukononi, uso umekunjika.

«Papa Taux, mutoto ameanza kukata.»

«Hapana, maman. Ni mia moja ileile.»

«Mia gani? Mia ya zamani ilikuwa inalipa masomo ya Furaha, na unga inabakia. Hii inalipa masomo, tunalala njaa. Bajirani banasema alishaoa kule, bibi njo anakula ingine.»

«Si Aganze, maman. Ni taux.»

Aliangalia ubao. Halafu akaangalia vidole vyangu, vyeupe kwa chaki. «Na taux, nani njo anaiandikaka?»

Miaka yote ile nilikuwa napanda kwenye kiti mbele ya macho yake, nafuta, naandika. Kwake yeye, mukono uliotoboa noti ndio uliopunguza mia. Akaondoka bila kunisalimia, na mwezi uliofuata hakuja.

Ni Chantal aliyegundua. Mia ya Aganze ilikuwa inangoja na siku zinapita, na munajua sheria: pesa isiyochukuliwa inafika siku yake, inarudi kwa mutumaji. Ijumaa ile directeur wa Nyangezi alipita Nyawera kununua chaki, akanieleza yaliyobaki. Maman anazima simu Aganze akipiga. Amesema akae na mia yake na bibi yake, yeye hana tena mutoto Afrika Kusini. Na Furaha, aliye mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, asipolipa wiki inayokuja hataingia mutihani. Mama amemuambia ashike jembe kama wenzake.

Niliangalia tarehe kwenye ekrani. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Jumatatu jioni pesa ingerudi Durban, na Aganze angesoma kwenye simu yake kwamba mama yake ameukataa mukono wake. Hilo sikuweza kulibeba. Lakini ningemuambia nini Maman Nsimire? Rand za Aganze zilikuwa siri ya ekrani, na Papa Deo alikuwa ananitazama kutoka kaburini na miwani yake ya uzi. Jumamosi nzima nilizunguka nyumbani, mpaka bibi yangu akaniuliza kama nina minyoo.

Jumapili, nilipotoka misa, nilipita mbele ya agence. Imefungwa, lakini ubao uko nje, na maandishi yangu ya Ijumaa juu yake: dola, euro, rand. Nikacheka peke yangu barabarani. Taux haina siri! Nimeiandika kwenye jua, Nyawera yote imeisoma. Nikasimamisha moto, nikamuambia dereva: Nyangezi.

Nilimukuta nyuma ya nyumba anachagua maharagi kwenye lungo. Hakufurahi kuniona, lakini alinivutia kiti, kwa sababu ni mutu wa adabu hata akikasirika.

«Umekuya kufuta nini huku?» akauliza.

«Sikukuya kufuta, maman. Nikopeshe maharagi.»

Mwalimu wa darasa la pili hafi ndani ya mutu. Nilichagua harage moja kubwa, jekundu, nikaliweka peke yake. «Hii ni dola moja. Siku Aganze alituma mara ya kwanza, niliandika kwa ubao rand saba. Soko yote iliona.» Nikapanga madogo saba mbele yake. «Ili akupatie hii moja, alipashwa kutoa hizi saba.»

«Eeh. Na sasa?»

«Sasa ubao ya Ijumaa.» Nikaendelea kupanga. Nane, kenda, kumi. Mikono yake ikasimama juu ya lungo. Kumi na mbili. Kumi na tano. Niliposhusha la kumi na nane, alikuwa ameinama karibu kabisa.

«Zote hizo ju ya moja?»

«Ju ya moja, maman.»

«Na kule, bananiongezeaka mutoto mushahara vile?»

«Mushahara yake siijui, na ya ekrani siwezi kusema. Nakuuliza kitu kimoja tu. Toka siku ile ya noti ya matobo mpaka leo, uliwahi kupokea tisini na kenda?»

Kuku alipanda kwenye lungo akaanza kudonoa, na hakumufukuza. «Hapana,» akasema. «Ata siku moja. Mia. Kila mara mia.» Alinyoosha mukono, akaokota maharagi yaliyozidi saba, moja moja, kumi na moja, akayafungia kwenye kiganja. Halafu aliuliza kitu ambacho, kwa miaka kumi na saba dirishani, hakuna mutu aliyewahi kuniuliza. Waliniuliza imefika? Ni ngapi? Taux ya leo je? Yeye aliuliza:

«Sasa anakulaka nini?»

Yeye akalia, na mimi nikalia, watu wazima wawili mbele ya lungo la maharagi, na sioni haya kuliandika. Juu ya franga letu na mulango wa pili nilimueleza vilevile, lakini hakusikiliza sana. Alikuwa ameshikilia kile kiganja.

Jumatatu walikuwa mulangoni kabla sijashuka kwenye kiti, yeye na Furaha. Alichukua mia yake. Furaha akaenda mbio kulipa. Sasa Maman hakuondoka. Aliweka kikapo juu ya mbao ya dirisha.

«Papa Taux, mulango ya kuenda kule iko?»

«Kuenda wapi?»

«Durban. Nataka kutuma.»

Chantal aligeuka. Kutuma! Mimi mwenyewe, miaka yote ile, bordereau ya kutuma kwenda Afrika Kusini nilikuwa sijaijaza hata moja kwa mukono wa mama wa kijijini. Nikamuuliza anataka kutuma nini. Alifungua kikapo: maharagi, yaleyale, yamefungwa kwenye kitambaa safi. Sista mumoja wa parokia yao alikuwa anaenda Durban kusoma wiki ile, amekubali kubeba kilo mbili. Maharagi yana njia. Lakini alitaka kuweka na pesa kidogo juu yake, na pesa hakuwa nayo, kwa sababu mia yote ilikuwa ya mutihani na unga.

Nilivuta droo mpaka mwisho, nikatoa bahasha. Noti ilikuwa bado ngumu. Aliijua kabla sijaigeuza.

«Ile ya matobo! Yesu Maria, ulikuwa unaifichaka huku?» Akaiinua juani, kama kawaida yake, na mwanga ukapita kwenye matobo yote mawili. «Lakini hii ilikufa.»

«Ilikufa kwetu tu, maman. Kule habaangaliake matobo.»

«Iko mushahara yako ya kwanza.»

«Mbele ya kuwa yangu ilikuwa ya Aganze.»

Nilimueleza na vidole, kwa sababu maharagi yalikuwa yamefungwa. Siku anaituma, mia hii ilimugharimu rand mia saba. Safari hii inaingia kwenye mulango uleule kutoka upande wa pili, na upande ule umepanuka: itamutolea elfu moja na mia nane. Aliziba kinywa na mukono. Mimi nilikuwa nimefanya hesabu ile usiku kucha, na bado, nilipoitamka kwa sauti, niliirudia mara mbili. Ile hesabu isiyo na mwenyewe, iliyomukamua kijana miaka yote, ilikuwa imemuwekea akiba ndani ya kosa langu. Sista aliificha katika kitabu chake cha sala, na mimi nikaandika kwenye bahasha jina la Aganze, polepole, maandishi ya ubaoni.

Wiki tatu baadaye, siku mbili kabla sijaacha kazi, Maman Nsimire alikata mustari mbele ya watu wote, akapitisha simu kwenye tundu la dirisha, haut-parleur imefunguliwa ili wote tusikie. Jina ambalo nilikuwa nimeliandika mara zaidi ya mia mbili likapata sauti. Sauti ya mutu mupole, imechoka kidogo.

«Papa Taux? Mimi njo Aganze. Na mie naangaliaka taux kila asubuhi, mbele ya kunawa uso.»

Kumbe miaka yote ile, mimi nimepanda kwenye kiti hapa na chaki, yeye yuko kule hajanawa uso, tulikuwa wawili mbele ya hesabu ileile, na hatujuani.

«Noti baliipokea?» nikauliza.

«Habakuigeuza ata mara moja.»

Maman Nsimire alivuta simu, hakuwa na habari na noti. Aliiweka karibu na kinywa, akafunga macho.

«Aganze. Umekula?»

«Ndiyo, mama. Ile maharagi. Nilikula nikashiba.»

Alimuuliza tena, kwa Mashi, lugha ya kwao, kama vile hakusikia, na mutoto akajibu tena. Halafu mara ya tatu. Kulikuwa na watu kumi na tano kwenye mustari, siku ya soko, na hakuna hata mumoja aliyemuambia afanye haraka.